Daktari, Muuza Dawa na Mwanasiasa: Sheria na Njia ya Taaluma katika Mwambao wa Bagamoyo na Saadani, tangu Enzi ya Misafara hadi Soko Huria

1.0 Utangulizi

Daktari anayeacha wodi akafungua biashara ya dawa, kisha akagombea uongozi wa kisiasa, ni mtu anayefahamika leo katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Maelezo yanayotolewa kumhusu kwa kawaida hujikita katika tabia yake. Wanaomsifu husema ni mtu wa bidii aliyepanda ngazi moja baada ya nyingine. Wanaomlaumu husema ni mtu wa tamaa aliyeukimbia wito wake. Maelezo yote mawili yanachukulia kwamba njia hiyo ilikuwepo siku zote, ikimsubiri mwenye ujasiri wa kuipita.

Insha hii inahoji kwamba nchini Tanzania njia hiyo haikuwepo siku zote. Ilifunguliwa, ikafungwa na ikafunguliwa tena kwa maamuzi ya dola, na maamuzi hayo yanaweza kutajwa kwa tarehe. Ili kuithibitisha hoja hii, insha inafuatilia shughuli tatu, yaani kutibu, kuuza dawa na kutawala, kwa kuziangalia kutoka mwambao wa kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Bagamoyo hadi Saadani. Mwambao huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, hapa ndipo fedha ya biashara ilipokutana mapema na huduma ya tiba ya kisasa katika bara la Tanganyika. Pili, baada ya kupoteza makao makuu na misafara, mwambao huu umeishi karibu na Dar es Salaam bila kuwa sehemu ya Dar es Salaam. Kwa hiyo kila badiliko la sera ya afya lililoamuliwa mjini linaweza kupimwa kwa swali jepesi: mgonjwa wa Saadani alimpata nani wa kumhudumia?

Watu wanne wa kumbukumbu ya umma wanabeba mjadala huu: Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara, Dkt. Vedasto Kyaruzi, daktari aliyeingia katika siasa, Dkt. Leader Stirling, daktari aliyekuwa Waziri wa Afya, na Dkt. Hubert Kairuki, daktari aliyejenga hospitali binafsi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeunganisha shughuli zote tatu. Jambo hilo ndilo linalohitaji kuelezwa, na Dkt. Njoroge Mungai wa Kenya ametumiwa kama kipimo cha kulinganishia.

2.0 Fedha ya Bagamoyo, vitanda vya Dar es Salaam

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Bagamoyo na Saadani zilikuwa bandari ndugu na zenye kushindana. Misafara ya pembe za ndovu ilishukia huko, na wageni waliokwenda bara walianzia safari huko. Wamisionari wa Kiingereza waliichagua Saadani kuwa mlango wao, na mwaka 1877 Alexander Mackay alifyeka barabara kutoka Saadani kuelekea Mpwapwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kujenga misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, na wagonjwa walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuhudumiwa humo. Dawa ya Kizungu, kwa hiyo, iliingia mwambaoni ikiwa ndani ya mizigo ya watu wenye shughuli nyingine: dini, biashara au utawala.

Mizigo hiyo ilihitaji mtu wa kuipanga. Miongoni mwa waliojijengea jina katika kazi hiyo ni Sewa Haji Paroo, Khoja wa madhehebu ya Ismailia, aliyeuza bidhaa kwa wasafiri na kuwatafutia wapagazi. Sewa Haji hakuwa daktari wala hakushika cheo cha utawala. Hata hivyo, alielewa kwamba utajiri wa mfanyabiashara hauwi salama bila uhusiano na watawala, na kwamba uhusiano huo hujengwa vizuri kwa kutoa kile ambacho watawala hawajakitoa. Alitoa jengo la shule Bagamoyo kwa ajili ya watoto wa jamii zote. Alitoa pia fedha za kujenga hospitali, na hospitali hiyo ikajengwa Dar es Salaam katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Sewa Haji alifariki mwaka 1897, na jina lake linaendelea kutajwa katika jengo la wodi pale Muhimbili.

Mahali ilipojengwa hospitali hiyo panasema mengi. Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891, miaka michache tu baada ya vita ambavyo Bwana Heri wa Saadani aliongoza upinzani katika eneo lake na mji wake kushambuliwa. Baadaye reli ya Tanga ilipita kaskazini ya mwambao huu na reli ya Kati ilianzia kusini yake. Misafara ikafa, na Saadani ikabaki kijiji cha wavuvi. Fedha iliyochumwa Bagamoyo ikawa imegharimia vitanda vya Dar es Salaam. Tena vitanda hivyo vilikuwa vya Waafrika na Waasia. Wazungu walikuwa na hospitali yao ufukweni, ile inayojulikana leo kama Ocean Road. Hivyo tangu mwanzo, mfanyabiashara alilipa, mtawala aliamua mahali na aina ya wagonjwa, na daktari alikuwa mwajiriwa wa mtawala. Shughuli tatu zilikuwa zimekutana katika jengo moja, lakini kila moja ilikuwa na mtu wake.

3.0 Daktari aliyeweza kuhamishwa

Mgawanyo huo uliendelea chini ya Waingereza kwa namna mpya. Vijana wa Kiafrika waliosomea udaktari Makerere walirudi Tanganyika wakiwa miongoni mwa watu waliosoma zaidi nchini, na baadhi yao wakaingia katika Tanganyika African Association, yaani TAA. Mwaka 1950 Dkt. Vedasto Kyaruzi alikuwa Rais wa chama hicho na Abdulwahid Sykes alikuwa Katibu wake. Uongozi huo ulikiondoa chama katika hali ya kuwa baraza la maombi na kukielekeza kwenye madai ya katiba. Kamati ndogo ya siasa ya TAA iliandaa mapendekezo juu ya mustakabali wa nchi, na katika kamati hiyo walikaa pamoja daktari, mashekhe, walimu na wafanyabiashara.

Udhaifu wa Kyaruzi haukuwa katika fikra zake. Ulikuwa katika mshahara wake. Kwa kuwa alikuwa daktari wa serikali, serikali haikuhitaji kumshtaki wala kumfunga ili kumwondoa katika siasa za mji mkuu. Ilitosha kumpa barua ya uhamisho. Alipelekwa Kingolwira, karibu na Morogoro, na baadaye Nzega. Mwaka 1953 mlango ukabanwa zaidi, serikali ilipowazuia watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Julius Nyerere, mwalimu katika shule ya misheni, alilazimika mwaka 1955 kuchagua kati ya ualimu na siasa.

Wakati huohuo, watu ambao serikali haikuweza kuwahamisha walikuwa wafanyabiashara. John Rupia aliisaidia TANU kwa mali yake. Dossa Aziz alikipa chama gari lake la kwanza, na katika uzee wake aliishi Mlandizi, si mbali na Bagamoyo. Somo la kipindi hiki linaeleweka kirahisi: elimu ilimpa daktari heshima ya kuongoza, lakini biashara ndiyo iliyompa mtu uhuru wa kubaki mahali alipo na kusema. Kama Kyaruzi angekuwa na kliniki au duka la dawa la kwake mwenyewe, barua ya uhamisho isingekuwa na nguvu juu yake. Wazo la daktari mwenye kipato chake kujitokeza kisiasa halikuzaliwa na uroho pekee. Lilikuwa pia jibu la hali halisi ya mtaalamu aliyetegemea mwajiri mmoja, na mwajiri huyo ndiye aliyekuwa akipingwa.

Kyaruzi alirudi katika utumishi wa juu baada ya uhuru na kuiwakilisha Tanganyika katika Umoja wa Mataifa. Hata hivyo njia aliyoipita ilikuwa ya dola tangu mwanzo hadi mwisho. Alitoka katika udaktari wa serikali akaingia katika diplomasia ya serikali. Biashara haikuwa kituo katika safari yake.

4.0 Miiko na marufuku

Leader Stirling alifika Tanganyika mwaka 1935 akiwa daktari mpasuaji wa misheni ya Kianglikana, na alifanya kazi kwa miaka mingi kusini, Lulindi na baadaye Mnero, ambako alihudumu pamoja na Wabenediktini baada ya kuingia Ukatoliki. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kutokana na uchaguzi wa 1958, akiungwa mkono na TANU, na akawa raia wa nchi aliyoihudumia. Mwaka 1975 aliteuliwa kuwa Waziri wa Afya, akashika wizara hiyo hadi 1980. Aliipokea wizara ambayo kabla yake ilikuwa chini ya Ali Hassan Mwinyi, mtu wa mwambao na Visiwani ambaye jina lake litarudi baadaye katika mjadala huu.

Kabla ya Stirling kuwa waziri, sheria ya kisiasa ilikuwa imekwisha kubadili maana ya uongozi. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka masharti ya uongozi: kiongozi alitakiwa kuwa mkulima au mfanyakazi, hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, wala kuwa mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi, wala kupokea mishahara miwili, wala kumiliki nyumba za kupangisha. Neno kiongozi lilielezwa kwa upana, likamgusa mbunge, waziri, diwani, afisa wa ngazi ya juu serikalini na hata mwenzi wake wa ndoa. Kwa masharti hayo, daktari mwenye hisa katika kampuni ya dawa alipaswa kuchagua: ama hisa, ama ubunge.

Hatua ya pili ilikuja wakati Stirling akiwa waziri. Sheria ya Hospitali Binafsi ya mwaka 1977 ilizuia mtu binafsi kutoa huduma ya tiba kwa lengo la faida. Hospitali zisizo za serikali ziliendelea kuruhusiwa iwapo zilimilikiwa na mashirika yaliyoidhinishwa, hasa ya dini. Hapa kuna jambo linalopaswa kuangaliwa kwa makini. Waziri aliyekuwa na dhamana ya afya alikuwa ametumia karibu maisha yake yote ya udaktari katika hospitali za misheni, yaani katika aina ya hospitali ambayo sheria iliiacha isimame. Kwa mtu mwenye uzoefu huo, kutenganisha tiba na faida hakukuwa nadharia ya chama tu. Lilikuwa jambo aliloliishi. Kwa daktari wa mjini aliyekuwa na chumba cha kuonea wagonjwa na kodi ya pango ya kulipa, sheria hiyohiyo ilikuwa amri ya kufunga kazi.

Masharti ya 1967 na marufuku ya 1977 yakisomwa pamoja, picha inakuwa kamili. Sharti la kwanza lilimtenga mwanasiasa na biashara. La pili lilimtenga daktari na biashara. Daktari aliweza kuwa mwanasiasa, kama Stirling mwenyewe alivyoonyesha, ila kwa kupitia mlango wa utumishi. Mtu wa aina inayochunguzwa katika insha hii, yaani daktari mfanyabiashara mwanasiasa, alikuwa ameondolewa katika ramani ya mambo yanayowezekana kisheria.

5.0 Duka lililobaki wazi

Hata hivyo dola ilifunga kliniki bila kufunga duka. Mwaka mmoja baada ya marufuku ya tiba binafsi, Sheria ya Madawa na Sumu ya 1978 iliweka utaratibu wa kusajili na kusimamia uuzaji wa dawa. Famasi kamili ilihitaji usimamizi wa mfamasia, na wafamasia walikuwa wachache na walikaa mijini. Kwa maeneo mengine ulikuwepo utaratibu wa duka la dawa baridi, lililoruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari. Uagizaji mkubwa wa dawa ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, NAPCO, lakini muuzaji wa mwisho mtaani aliweza kuwa mtu binafsi.

Matokeo yake yalikuwa mgawanyo usiotarajiwa. Kumpima mgonjwa kwa faida kulikuwa kosa. Kumuuzia dawa kwa faida kulikuwa halali. Elimu ya udaktari ilimfungia mtu mlango ambao mtaji mdogo wa mfanyabiashara asiye na elimu hiyo uliufungua. Zahanati ya serikali ilipoishiwa dawa, na katika uhaba wa fedha za kigeni wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980 jambo hilo lilitokea mara kwa mara, mgonjwa alitoka na cheti mkononi akaelekea dukani. Kama cheti kilitaja dawa ambayo duka la dawa baridi halikuruhusiwa kuiuza, muuzaji na mnunuzi walikuwa na sababu moja ya kuivunja kanuni: famasi kamili ilikuwa mbali.

Serikali ilijaribu kuliziba pengo hilo. Katikati ya miaka ya 1980 ulianzishwa Mpango wa Dawa Muhimu kwa msaada wa Denmark na UNICEF, ambapo maboksi ya dawa zilizopangwa tayari yalipelekwa kwenye zahanati na vituo vya afya. Boksi lilikuwa na faida kubwa ya kufika. Lilikuwa pia na kasoro ya kuwa sawa kila mahali, ilhali maradhi hayakuwa sawa kila mahali. Mwaka 1993 ilitungwa sheria iliyoanzisha Bohari ya Dawa, na jukumu la kuagiza na kusambaza dawa za vituo vya umma likakabidhiwa kwake.

Kwa mwambao wa Saadani, kipindi hiki kinafundisha jambo moja ambalo historia ya viongozi peke yake haiwezi kulionyesha. Daktari mwenye shahada alikuwa mtu wa mbali, awe wa serikali au wa binafsi. Kiungo cha karibu kati ya mgonjwa na dawa kilikuwa tabibu wa zahanati au muuzaji wa duka. Marufuku ya 1977 ilimlenga daktari wa faida, lakini vijijini daktari huyo hakuwepo wa kupigwa marufuku. Aliyekuwepo alikuwa muuza dawa, na sheria ilimwachia nafasi yake.

6.0 Kipimo cha Kenya

Hoja kwamba sheria, kuliko tabia, ndiyo iliyoamua njia hizi inahitaji mfano wa nchi jirani ambako sheria ilikuwa tofauti. Nchini Kenya, Dkt. Njoroge Mungai alirudi kutoka masomo ya udaktari Marekani, alikosoma Stanford, akaanzisha kliniki zake binafsi kabla ya uhuru. Kliniki hizo zilimjengea jina miongoni mwa wananchi, na jina hilo lilikuwa mtaji wa kisiasa. Alikuwa waziri wa kwanza wa afya wa Kenya huru, akashika baadaye wizara ya ulinzi, kisha ya mambo ya nje hadi aliposhindwa katika uchaguzi wa 1974. Katika maisha yake ya baadaye alijulikana pia kama mkulima mkubwa wa maua ya kuuza nje.

Mungai na Stirling walikuwa madaktari, wabunge na mawaziri wa afya katika nchi mbili zilizopakana na zilizorithi mfumo mmoja wa kikoloni. Mmoja aliunganisha tiba, biashara na siasa. Mwingine hakuwa na biashara. Tofauti kati yao haiwezi kuelezwa kikamilifu kwa kusema mmoja alikuwa Mkenya mwenye uhusiano na Rais na mwingine mmisionari. Mwaka 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, Tume ya Ndegwa nchini Kenya ilipendekeza kwamba watumishi wa umma waruhusiwe kufanya biashara. Nchi moja iliandika mwiko. Nyingine iliandika ruhusa. Taaluma za watu zikafuata maandishi hayo.

Ni haki pia kutaja gharama za pande zote mbili. Mwiko wa Tanzania ulipunguza nafasi ya mwenye madaraka kutajirika kwa ugonjwa wa wananchi, lakini ulipunguza pia idadi ya milango ambayo mgonjwa angeweza kuibisha. Ruhusa ya Kenya iliongeza milango, lakini ilimweka mtu mmoja pande zote mbili za meza, akitunga sera kwa jina la umma huku akiwa na maslahi yake katika soko hilohilo.

7.0 Hospitali chini ya jina la misheni

Mlango wa Tanzania ulianza kufunguka kabla ya sheria kubadilishwa. Mwaka 1987 Dkt. Hubert Kairuki, bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, alianzisha hospitali Dar es Salaam iliyojulikana kama Mission Mikocheni. Jina hilo likisomwa pamoja na sheria iliyokuwa ikitumika, linaeleza mazingira yake: huduma isiyo ya serikali ilitambulika ikiwa chini ya mwavuli wa shirika, na neno misheni ndilo lililokuwa na nafasi halali. Hospitali ilikua, na mwaka 1997 kikaanzishwa chuo kikuu cha tiba ambacho baada ya kifo chake mwaka 1999 kimeendelea kubeba jina lake.

Mwaka 1991 ulikuwa mwaka wa mageuzi mawili. Februari mwaka huo, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar chini ya Rais Mwinyi, aliyewahi kuwa Waziri wa Afya, na kulegeza masharti ya uongozi. Mwaka huohuo Sheria ya Hospitali Binafsi ilirekebishwa, na daktari akaruhusiwa tena kufungua huduma ya faida. Kufuli mbili zilizofungwa kwa kupishana miaka kumi, 1967 na 1977, zilifunguliwa ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi uliongeza mlango wa tatu: mgombea hakuhitaji tena kupitia chama kimoja. Tangu hapo ndipo daktari wa Kitanzania alipoweza, kwa mara ya kwanza tangu 1967, kuwa na kliniki, kuwa na hisa katika biashara ya dawa na kuomba kura, yote katika maisha mamoja.

Kairuki hakuchukua mlango wa siasa. Mfano wake ni muhimu kwa sababu unaonyesha kwamba kufunguliwa kwa njia hakumlazimishi mtu kuipita yote. Taasisi zilizotokana na kazi yake zimeingia katika utengenezaji wa dawa, kwa kiwanda cha maji ya dripu kilichojengwa Zegereni, Kibaha, katika Mkoa wa Pwani. Mkoa huohuo ambao fedha ya Sewa Haji ilitoka ili kujenga hospitali Dar es Salaam, sasa umepokea kiwanda kilichotokana na hospitali ya Dar es Salaam. Mwelekeo wa fedha umegeuka, ingawa bidhaa inayotoka kiwandani bado inapimwa kwa swali lilelile la nani inamfikia.

8.0 Kutoka marufuku hadi tamko

Baada ya miiko kulegezwa, dola ilihitaji chombo kingine cha kudhibiti mgongano wa maslahi. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ilimtaka kiongozi kutoa tamko la mali na madeni yake. Badiliko hili ni la msingi. Chini ya Azimio la Arusha swali lilikuwa: je, kiongozi ana biashara? Chini ya sheria ya 1995 swali limekuwa: je, kiongozi ametaja biashara yake? Swali la kwanza lilijibiwa kwa kumtoa mtu katika nafasi moja; la pili linajibiwa kwa karatasi, na nguvu ya karatasi inategemea anayeisoma.

Suala hili lina uzito wa pekee katika biashara ya dawa. Kutenganisha anayeandika cheti na anayeuza dawa ni kanuni ya kale. Katika karne ya 13 Frederick II, mtawala wa Sicily, aliwakataza matabibu kushirikiana kibiashara na wauza dawa. Sababu yake haijabadilika: mgonjwa hana uwezo wa kuhukumu kama dawa aliyoandikiwa inahitajika, kwa hiyo analindwa kwa kuhakikisha kwamba anayeamua hafaidiki na mauzo. Mfanyabiashara wa dawa akiwa pia mwanasiasa, mkono wa tatu unaongezwa, ule unaogusa bajeti, leseni na ukaguzi.

Mageuzi yaliyofuata yaliuongezea mkono huo kazi. Uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma ulianza mwaka 1993, na mgonjwa akawa mlipaji. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ulianza kuingia mikataba na watoa huduma, zikiwemo famasi na maduka ya dawa. Serikali ikawa, kwa njia ya Mfuko, mteja wa muuza dawa. Mwaka 2003 ilitungwa sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi iliyounda mamlaka ya udhibiti, na mwaka huohuo mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianza Ruvuma kabla ya kusambazwa katika mikoa mingine. Chini ya mpango huo muuzaji alipewa mafunzo, duka likakaguliwa, na orodha maalumu ya dawa za cheti ikaruhusiwa. Dola ilikuwa imekubali ukweli wa muda mrefu wa vijijini: duka ndilo lililo karibu, na kulifundisha kuna manufaa kuliko kulikemea.

Mwaka 2007, chini ya Rais Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga katika Wilaya ya Bagamoyo, serikali ilizindua Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi uliolenga zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Mwanasiasa huyo wa mwambao hakuwa daktari wala muuza dawa. Hata hivyo mpango wake uliikabili kasoro iliyodumu tangu Wajerumani walipohamisha makao makuu, yaani umbali kati ya mwambao na mahali ambapo tiba huamuliwa. Majengo yalipoongezeka, mahitaji ya dawa za kuyajaza yaliongezeka pia, na kwa hiyo thamani ya kila uamuzi unaohusu ununuzi wa dawa ikapanda.

9.0 Hitimisho

Njia ya daktari anayekuwa mfanyabiashara wa dawa na kisha mwanasiasa ina historia yenye tarehe. Chini ya Wajerumani na Waingereza daktari alikuwa mwajiriwa, na Kyaruzi alionyesha jinsi mwajiriwa anavyoweza kunyamazishwa kwa barua. Kati ya 1967 na 1991 masharti ya uongozi na marufuku ya tiba ya faida viliifunga njia hiyo pande zote mbili, na Stirling alikuwa daktari mwanasiasa wa kipindi hicho kwa sababu hakuwa mtu wa biashara. Kairuki alijenga chini ya jina la misheni wakati sheria haijabadilika, na akabaki katika tiba na elimu ilipobadilika. Mungai, upande wa pili wa mpaka, anathibitisha kwamba palipokuwa na ruhusa, shughuli hizo ziliungana mapema.

Kutokana na hayo, kumhukumu mtu mmojammoja kwa bidii au tamaa yake hakutoshi. Swali la mwanahistoria, na la mtunga sera pia, ni kama mkono unaoandika cheti, mkono unaouza dawa na mkono unaopitisha bajeti vina mtu huru wa kuviangalia vinapokuwa vya mwili mmoja. Kwa miaka 24 Tanzania ilijibu kwa kuikata mikono hiyo isikutane. Tangu 1995 inajibu kwa kuitaka ijitaje. Jibu la kwanza lilimlinda mgonjwa dhidi ya mwenye maslahi, lakini mara nyingi lilimwacha bila dawa; la pili limemletea maduka, lakini limemwachia kazi ya kujua duka ni la nani.

Mgonjwa wa Saadani amepita katika majibu yote mawili akiwa na desturi ileile. Akiumwa huenda zahanati, na asipopata dawa huenda dukani. Historia ya madaktari waliokuwa wanasiasa itakuwa imeandikwa nusu iwapo haitamfuata mgonjwa huyo hadi kwenye kaunta ya duka, ambako maamuzi ya 1967, 1977 na 1991 hukutana katika bei ya dozi moja.